Lenzi ya sinema ku apareyi ndogo: pima milimetre mbele ya kutoa dola

Vijana wenye wanapiga video za ndoa, klipu za wanamuziki na filme za mashirika hapa kwetu wanatuuliza swali moja kila mara: lenzi ya sinema ya kweli, ile ya wakubwa, inaweza kuingia ku apareyi yangu ya Canon ao ya Sony? Jibu ni ndiyo, lakini si kila lenzi, si kila apareyi, na si bila hesabu. Hesabu yenyewe ni kutoa namba moja ku namba ingine. Mwenye kuijua anaokoa makuta yake. Asiyeijua anaweza kununua chuma na vioo vya kuweka ku meza tu.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu lenzi nyingi zinafika kwetu kwa njia ndefu. Ndugu eko Dubai ao Guangzhou, ao shangazi eko Bruxelles, anaona lenzi ya okazio, anatuma foto ku simu, mutu huku anakusanya dola za miezi kazaa, kisha muzigo unapita dwane. Siku carton inafunguliwa, kurudisha haiwezekani tena. Njo maana kazi ya kupima inapaswa kufanywa mbele, wakati makuta ingali mu mufuko.

Nini inafanya lenzi iitwe ya sinema

Lenzi, ao objektifu sawa vile wapiga picha wetu wanaiita, inaweza kuandikwa "cine" na bado vioo vyake vya ndani ni vile vya lenzi ya foto. Si udanganyifu. Mwaka wa 2010, kampuni Zeiss ya Ujerumani ilitoa lenzi za Compact Prime CP.2. Vioo vyake vingi vilitoka ku lenzi zake za foto, lakini mwili wa inje ulikuwa mupya kabisa. Samyang ya Korea ya Kusini ilifanya vilevile kwa bei ya chini zaidi. Ile mwili njo watu wa sinema wanalipia.

Ku lenzi ya foto, pete ya kulenga, ile yenye kufanya sura iwe wazi, inazunguka kidogo tu, kwa sababu kazi hiyo inafanywa zaidi na motere ya apareyi. Ku lenzi ya sinema, pete inaweza kuzunguka hata karibu digrii 300. Mwigizaji anatembea kutoka mulango mupaka ku meza, na musaidizi anamufuata kwa mukono, pole pole, akisoma alama za metre zenye zimeandikwa ku lenzi. Pete iko na meno ya kipimo kimoja ili gurudumu ao motere ya inje iweze kuishika. Pete ya mwanga nayo inapita laini, bila ule mulio wa "tik-tik", ili picha isiruke katikati ya filme.

Kuko pia herufi yenye inasumbua wengi. Lenzi ya foto inaandikwa f/1.4 ao f/2.8, lenzi ya sinema inaandikwa T1.5 ao T2.9. Ile f inatoka ku hesabu ya upana wa tundu la lenzi. Ile T ni mwanga wenye umepimwa, wenye kwa kweli unatoka nyuma ya vioo vyote. Ukibadilisha lenzi tatu katika siku moja na zote ziko ku T2.9, mwanga wa sura zako utabaki mumoja. Tena, lenzi za seti moja zinatengenezwa mara nyingi na upana mumoja wa mbele na rangi moja, ili usipange tena vyombo vyote kila mara unapobadilisha.

Kama kazi yako ni kukimbia nyuma ya bwana na bibi harusi kutoka kanisa mupaka ku sale, faida hizi zote zinaweza kugeuka kuwa muzigo. Lenzi ya sinema ya kawaida hailengi yenyewe. Hakuna otomatike. Mutu mwenye hajajizoeza kulenga na mukono ataleta nyumbani sura zenye ukungu, hata kama lenzi yake ni ya bei ya nyumba.

Hesabu ya milimetre

Sasa tuingie ku jambo lenyewe. Kila apareyi iko na mudomo, ile pete ya chuma ambamo lenzi inafungwa. Ndani kabisa kuko kapteri, kile kipande kinachopokea mwanga fasi ya filme ya zamani. Kutoka ku uso wa mudomo mupaka ku kapteri kuko umbali wenye haubadiliki, na mutengenezaji wa lenzi alifanya vioo vyake kwa umbali ule ule. Ukikosea, lenzi haitalenga vizuri. Mbali hutaona, ao karibu hutaona.

Hizi ndizo namba zenye mupiga picha anaweza kuandika ndani ya kifuniko cha begi lake:

- Panavision (PV): milimetre 57.15
- PL ya sinema: milimetre 52
- Nikon F, ya zamani: milimetre 46.5
- M42, ya visi: milimetre 45.46
- Canon EF: milimetre 44
- Canon RF: milimetre 20
- L ya Leica, Panasonic na Sigma: milimetre 20
- Micro Four Thirds: milimetre 19.25
- Sony E: milimetre 18
- Nikon Z: milimetre 16

Kanuni ni moja: umbali wa lenzi unapaswa kuwa mukubwa kuliko umbali wa apareyi. Tofauti yake njo unene wa pete ya kuunganisha, ile tunaita adaptere. Lenzi ya PL ku Sony E: 52 kutoa 18, inabaki 34. Adaptere ya milimetre 34 inaziba ile fasi, na hakuna kioo cha kuongeza. PL ku Canon RF: 32. PL ku Nikon Z: 36. Lenzi ya Canon EF ku Sony E: 26. Fasi ni ya kutosha, chuma ni cha kutosha, mambo inatembea.

Geuza hesabu na utaona ukuta. Lenzi ya Sony E haiwezi kwenda ku kamera ya PL, kwa sababu ingepaswa kuingia milimetre 34 ndani ya mwili wa kamera. Hakuna pete ya chuma yenye inaweza kufanya hivyo.

Kati ya hizo mbili kuko fasi ya mutego. Apareyi za Canon EOS za zamani, kama 5D Mark II ya mwaka wa 2008, ndizo zilifungulia vijana wengi wa dunia mulango wa video. Hata kipindi kimoja cha televisheni ya Marekani, House, kilipigwa nayo katika 2010. Sasa mutu anasema: PL ni 52, EF ni 44, inabaki 8, basi inaingia. Ku karatasi, ndiyo. Lakini ndani ya apareyi hizo kuko kioo cha kujiangalia chenye kinapanda na kushuka, na mudomo wa EF na wa PL ziko karibu upana mumoja, milimetre 54. Lenzi nyingi za PL ziko na mukia wenye unaingia ndani ya kamera. Mukia unakutana na kioo, na hasara ni ya pande zote mbili. Njo maana tunawaambia: PL ni ya apareyi zisizo na kioo hicho, zile za Sony E, Canon RF, Nikon Z, L na Micro Four Thirds. Ku EOS ya zamani, tafuta lenzi ya sinema yenye mudomo wa EF tangu mwanzo. Ziko, na nyingine ni za bei yenye mutu wa kawaida anaweza kufikia.

Hata wakubwa walipambana na jambo hili. Stanley Kubrick, kwa filme yake Barry Lyndon ya 1975, alitaka kupiga sura ndani ya nyumba kwa mwanga wa mishumaa. Alipata lenzi za Zeiss za f/0.7, zenye zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya NASA. Kioo chake cha nyuma kilipaswa kukaa karibu milimetre 4 tu mbele ya filme. Fundi Ed DiGiulio alilazimika kukata na kutengeneza upya kamera ya Mitchell BNC, na kisha ile kamera haikuweza tena kupokea lenzi zingine. Ile lenzi iliingia, lakini kamera nzima ilitolewa sadaka kwa ajili yake.

Duara ya picha

Lenzi imeingia, adaptere imefunga. Bado swali moja. Lenzi inatupa nyuma yake duara ya mwanga, na kapteri inapaswa kukaa nzima ndani ya hiyo duara. Kama kapteri ni kubwa kuliko duara, pembe za picha zinakuwa nyeusi, sawa mutu anachungulia ndani ya bomba.

Lenzi nyingi za sinema zilifanywa kwa ajili ya Super 35, yenye upana wake wa pembe mupaka pembe ni karibu milimetre 31. Apareyi ya fomati kamili, kama Sony A7 ao Canon R6, iko na karibu 43. Basi lenzi ya Super 35 ku apareyi hiyo italeta pembe nyeusi, isipokuwa uambie apareyi ikate katikati tu. Apareyi nyingi zinakubali kukata. Lakini fungua kitabu chake kwanza, kwa sababu zingine zikikata, 4K inapotea na unabaki na HD. Ku apareyi za kapteri ndogo, za APS-C, mara nyingi lenzi ya Super 35 inakaa vizuri bila kelele.

Tunaongeza onyo juu ya lenzi za kamera za televisheni, zile kubwa za zoom zenye televisheni nyingi zimeacha. Bei yake iko chini na zinapendeza macho. Mudomo wake unaitwa B4, na duara yake ni milimetre 11 tu. Tena zilifanywa kwa kamera zenye kugawa mwanga mu rangi tatu kwa kipande cha kioo cha ndani. Ku apareyi ya foto zinahitaji adaptere yenye vioo vya kupanua picha, na mwanga mwingi unapotea. Kwa mutu mwenye anapiga mupira kutoka mbali inaweza kusaidia. Kwa sinema, weka makuta yako.

Angalia pia jina. PL na LPL si kitu kimoja. LPL ilitolewa na ARRI mwaka wa 2018 kwa kamera za kapteri kubwa. Mudomo wake ni mupana zaidi, na umbali wake ni milimetre 44. Herufi moja mu tangazo la muuzaji, na umenunua adaptere isiyo ya lenzi yako.

Uzito, na mambo ya ndani ya apareyi

Lenzi za Master Prime za ARRI na Zeiss, nyingi zake zinapita kilo 2. Mwili wa Sony A7 haufiki kilo moja. Ukifunga lenzi hiyo na kushika apareyi peke yake, visi vidogo vya mudomo vinabeba kila kitu. Mudomo unalegea, na kama unalegea, hata sehemu ndogo sana ya milimetre, alama za metre ku lenzi zinaanza kusema uongo. Zaidi sana ku lenzi pana, kama za milimetre 18 ao 21. Kwa hiyo lenzi nzito inashikwa yenyewe, na vyuma viwili vya duara chini yake na mukono wa kuitegemeza; apareyi inakuja kufungwa nyuma yake, si lenzi mbele ya apareyi.

Kisha apareyi yenyewe inaweza kukataa kazi. Kwa sababu adaptere ya chuma haina waya wa umeme, apareyi inafikiri hakuna lenzi, na zingine hazikubali kupiga. Mu menu kuko sehemu ya kuruhusu kupiga bila lenzi, ifungue. Kama apareyi iko na kapteri yenye inatikisika ili kutuliza picha, iandikie urefu wa lenzi, 35 ao 50 ao 85, la sivyo itatuliza vibaya. Na ku tripie, izime kabisa. Fungua pia ile alama ya rangi yenye inaonyesha fasi picha iko wazi, na zoea kukuza sura mbele ya kuanza.

Namna ya kupima mbele ya kulipa

Kama muuzaji eko mu mji wako, mupe nusu saa, si dakika tano. Weka lenzi ku apareyi yako mwenyewe, si ku ya muuzaji. Zungusha pete mupaka ku alama ya mbali kabisa na uangalie mulima ao muti wa mawasiliano wenye uko mbali sana. Kama hauko wazi hata ukifika mwisho wa pete, adaptere ni nene kupita kipimo. Kama uko wazi mbele ya mwisho, adaptere ni nyembamba kidogo. Unaweza kupiga, lakini alama za metre hazitafuatana na ukweli. Kisha toa mita ya fundi seremala, weka gazeti metre 2 mbele ya kapteri, lenga, na usome lenzi inasema ngapi.

Tikisa lenzi pole pole ikiwa imefungwa. Ikicheza, sura itaruka kila mara musaidizi anapogusa pete. Fungua tundu la mwanga kabisa na upige ukuta mweupe: pembe nyeusi zitajionyesha zenyewe. Ingiza mwanga wa simu ndani ya lenzi na utafute nyuzi nyuzi kama za buibui. Ni ukungu wenye unaota ku vioo, na mu mikoa yetu ya mvua ugonjwa huu ni wa kawaida. Kama muuzaji eko mbali, omba video ya majaribio haya yote, si foto ya lenzi ku kitambaa chekundu. Mwenye kukataa amekujibu tayari.

Lenzi inabaki, apareyi inapita

Watu wengi wanachagua apareyi kwanza, kisha wanatafuta lenzi yenye inaingia. Sisi tunaona hesabu ile ya milimetre inafundisha kinyume. Canon EF ilianza 1987, Sony E 2010, Canon RF na Nikon Z 2018. PL ilitengenezwa na ARRI ya München mwanzoni mwa miaka ya 1980, na lenzi zake za wakati ule zinafanya kazi leo ku apareyi zenye hazikuwa hata katika ndoto. Kwa nini? Kwa sababu umbali wake ni murefu. Lenzi ya umbali murefu inaweza kuhamia ku nyumba yoyote ya umbali mufupi. Lenzi ya Sony E inakaa ku Sony E, kwa kuwa karibu hakuna apareyi ya umbali mufupi kuliko yake, isipokuwa Nikon Z na nyingine chache.

Angalia filme The Creator ya Gareth Edwards, ya 2023. Ilipigwa kwa sehemu kubwa na Sony FX3, apareyi ndogo yenye ilianza kuuzwa 2021 karibu dola 3,900, na lenzi za zamani za Kowa za Japani zikafungwa mbele yake. Wenye filme walikuwa na makumi ya mamilioni ya dola. Wangeweza kuchukua kamera yoyote. Apareyi ile itazeeka na kuachwa. Zile Kowa zilikwisha kupita apareyi mingi, na zitapita zingine. Ni vilevile na Helios 44, lenzi ya kirusi ya milimetre 58 yenye ilikuja na apareyi za Zenit za watu wa kawaida. Kwa Dune: Part Two, Greig Fraser alitumia Helios zenye zilivalishwa mwili mupya wa sinema. Mwenye kuwa na Helios ya M42 nyumbani anaweza kuifunga ku Canon kwa pete nyembamba ya bei ya sahani ya chakula: 45.46 kutoa 44, inabaki 1.46. Lakini ku Nikon F ya zamani hesabu inakataa, 45.46 ni ndogo kuliko 46.5, na mbali hataona bila kioo cha kuongeza.

Kwa hiyo, kama dola zako ni za lenzi moja, tunashauri hivi. Kazi yako ikiwa ndoa na habari za haraka, baki na lenzi ya foto yenye inalenga yenyewe, hakuna haya. Kama unataka kupiga filme fupi ao klipu zenye kupangwa, nunua lenzi ya sinema yenye mudomo wa EF ao PL na duara ya fomati kamili, na ikiwezekana yenye mudomo wa kubadilisha, sawa zile CP.2. Pete nzuri ya chuma, yenye visi vya kukaza, ni sehemu ya bei. Usiinunue mwisho na makuta ya kubakia.

Kuko tena njia yenye wakubwa wanafuata na sisi tunaionea haya: kukodi. Lenzi za Panavision haziuzwi, zinakodishwa tu, hata kwa filme kubwa za Hollywood. Vijana wanne ao watano wa mji mumoja, kila mumoja na apareyi yake, wanaweza kuchanga kama ku likelemba na kununua seti ya lenzi tatu za PL. Huyu eko na Sony, yule na Canon, mwingine na Nikon: kila mutu ananunua adaptere yake tu, na seti inazunguka. Lenzi moja inatumikia nyumba nyingi. Siku apareyi ya mumoja inaharibika ao inauzwa, seti inabaki ya wote, na kazi inaendelea.